Mstari wa Mmoja, Rangi ya Mwengine

Afrika ya Mashariki ina Majimoto nyingi. Iko ya Narok, upande wa Kenya, iko ya Manyara, na kila moja imepata jina lake kwa sababu ile ile: maji yatokayo ardhini yakiwa yamekwisha kupata moto bila ya kuni. Majimoto inayokusudiwa katika makala haya ni ile ya Mpimbwe, mkoani Katavi, kusini ya Mpanda, katika bonde la Rukwa. Ni nchi ya Wapimbwe, nchi ya mpunga na ya mito ikaukayo kiangazi mpaka viboko wakasongamana katika madimbwi yaliyobaki; na tangu miaka ya 1970 imekuwa pia nchi ya Wasukuma, walioteremka kutoka kaskazini na ng'ombe wao kutafuta malisho. Mkoa wenyewe ni mchanga, kwani ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Reli iliyofika Mpanda mnamo 1950 haikuletwa na mahitaji ya skuli wala ya vitabu. Ilifuata madini ya risasi. Umeme wa Mpanda nao, kwa miaka mingi, ulitoka katika jenereta za dizeli, jambo ambalo mwenye duka la fotokopi alilijua kwa mfuko wake kuliko mwandishi yeyote wa historia.

Msomaji wa pwani huenda akauliza: ya nini kwenda masafa yote hayo kutafuta habari ya sanaa? Ni kwa sababu mahali kama hapo, mbali na matbaa na mbali na maduka ya vitabu, ndipo linapoonekana wazi jambo ambalo mijini limefichwa na wingi wa vitu. Jambo lenyewe linahusu karatasi moja nyepesi: picha ya mistari mitupu, isiyo na rangi, itolewayo kwa mashine na kupewa mtoto aijaze kwa kalamu za rangi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima Tanzania Bara, na tangu 2016, ada ilipoondolewa katika skuli za serikali, madarasa ya wadogo yalifurika kila mahali. Mwalimu mwenye watoto mia mbele yake na vitabu vinne mezani hana budi kutafuta kitu cha kuwashughulisha watoto hao. Picha ya kutia rangi ni jibu la haraka. Hupatikana bure katika intaneti, huchapwa mara moja, na baada ya hapo hurudufiwa kwa kadiri mfuko unavyoruhusu.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini picha hiyo haina rangi. Sababu yake ya asili ni ya biashara kabla ya kuwa ya malezi. Wino mweusi ni rahisi, rangi ni ghali. Katika Ulaya ya zamani, picha na ramani zilichapwa kwa mistari myeusi, kisha watu wa kuajiriwa, aghlabu wanawake na watoto, wakazitia rangi kwa mkono moja baada ya moja, na bei ya nakala yenye rangi ikawa juu ya ile isiyokuwa nayo. Haikuchukua muda wachapaji wakagundua kwamba kazi hii waliyokuwa wakiilipia ujira, wapo watakaolipa wao ili wapewe waifanye. Kampuni ya ndugu McLoughlin ya New York ilitoa karibu na mwaka 1880 kitabu cha watoto cha kutia rangi chenye michoro ya Kate Greenaway, nacho huhesabiwa miongoni mwa vya mwanzo vya aina yake. Mwaka 1903 kampuni ya Binney & Smith ikaanza kuuza kalamu za nta zilizoitwa Crayola, rangi nane katika kisanduku kimoja kwa senti tano za Marekani. Hapo biashara ikakamilika: mstari kwa huyu, rangi kwa yule, na fedha kwa wote wawili wasiokuwa mtoto.

Hoja dhidi ya karatasi hii ni kongwe karibu sawa na karatasi yenyewe, na katika nchi zetu ilipata mtetezi mkubwa mapema. Margaret Trowell, mchoraji wa Kiingereza aliyekuja Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda mwaka 1935, alianza kufundisha uchoraji Makerere mnamo 1937, darasa lake la mwanzo likikutana barazani kwake. Alikuwa amesoma London kwa Marion Richardson, mwalimu aliyeamini kwamba mtoto asipewe kitu cha kunakili. Njia yao ilikuwa ya ajabu kidogo, na wapenzi wa mashairi watapendezwa nayo: mwalimu alieleza kwa maneno tu, kisa au mandhari, wanafunzi wakaiona picha ndani ya nafsi zao, kisha ndipo wakashika kalamu. Neno lilitangulia mstari. Katika darasa hilo walipitia Gregory Maloba, aliyekuja kuchonga sanamu ya Uhuru ya Kampala ya mwaka 1962, na Sam Ntiro wa Machame, aliyechora maisha ya Uchagga kutoka katika kumbukumbu na baadaye akawa Balozi wa Tanganyika mjini London. Kazi za wanafunzi hao zilioneshwa London tangu mwaka 1939. Elimo Njau wa Marangu, aliyetoka katika skuli hiyo hiyo na kuchora picha kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, alizidi kuikaza kamba: nyumba ya sanaa aliyoianzisha na wenzake Nairobi mwaka 1965, Paa ya Paa, alilifanya katazo la kunakili kuwa wito wake.

Upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, Viktor Lowenfeld, mwalimu mashuhuri wa sanaa aliyekimbilia Marekani kutoka Austria, naye alivikemea vitabu vya kutia rangi katika kitabu chake cha mwaka 1947. Hoja yake haikuwa mbali na ile ya Makerere. Mtoto aliyezoea kujaza mbwa wa mwengine, akitakiwa kuchora mbwa wake, atasema hajui.

Wapenzi wa ushairi wataitambua hoja hii kabla haijamalizwa, kwani walikwisha kuisikia kwa jina jengine. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, akabainisha vina, mizani, beti na bahari. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, na vita vya vina vikaanza. Wanamapokeo walisema: mashairi yasiyo na vina ni kama nyumba isiyo na nguzo. Wanamapinduzi wakasema: vina na mizani ni mistari iliyochorwa na marehemu, na mshairi wa leo anatiwa kazini kuijaza rangi tu. Hilo ndilo shitaka la Trowell, neno kwa neno karibu.

Lakini ndani ya mfano huo limo pia jawabu, kwa yeyote aliyewahi kutunga. Mtunzi wa tarbia hajihisi mfungwa. Mizani minane na minane humsaidia kupata neno ambalo katika ukurasa mweupe lisingemjia. Na kuna la pembeni lisiloachika: huyo mwenye kuandika sheria alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na huyo mwenye kuzivunja alizaliwa Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Wote wawili ni watu wa maziwa. Mstari ulichorwa pwani kwa karne nyingi. Kuulinda na kuuvunja kukafanywa, kwa sehemu kubwa, na watu wa bara. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba habari ya Katavi haihusiani na ya visiwani afikiri tena.

Historia ya Waswahili na ya majirani zao imejaa kazi ambazo mstari ni wa mmoja na kujaza ni kwa mwengine. Chuoni, mwalimu aliandika herufi juu ya ubao kwa wino wa masizi, na mtoto akapitisha kalamu yake juu ya herufi zile zile mpaka mkono ukazizoea, kisha ubao ukaoshwa. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, ina mapambo ya kusukwa pembezoni mwa kurasa na penye mianzo ya sura, na nafasi baina ya mistari imejazwa nyekundu, nyeusi na manjano. Mpaka hina wa bibi harusi hufuata kanuni hiyo: kwanza mkondo wa ua kwa ncha nyembamba, kisha majani yajazwe.

Lililo tajiri kupita yote ni kofia. Kofia ya vito, ivaliwayo na kanzu kutoka Lamu mpaka Ngazija, na dada yake kuma ivaliwayo Oman, haitoki katika mkono mmoja. Mtu mmoja, fundi wa kuchora, huweka ruwaza juu ya kitambaa cheupe: duru, nyota, misalaba ya maua, vipande vikirudiana kwa hesabu ambayo asiyeijua huiona kuwa ni pambo tu. Kitambaa hicho kilichochorwa hupelekwa nyumbani kwa mshonaji, aghlabu mwanamke, ambaye hukaa nacho wiki kadhaa, pengine miezi, akitoboa na kushona vito kimoja kimoja. Mistari haikubuniwa na yeye. Hata hivyo hakuna aliyewahi kumwambia mshonaji wa kofia kwamba kazi yake ni ya kitumwa, au kwamba haina ubunifu. Kaza uzi kidogo, legeza kidogo, chagua hariri hii badala ya ile, na kofia mbili za ruwaza moja hazitafanana. Wajuzi huitazama kofia kichwani mwa mtu wakasema imeshonwa mtaa gani. Na mshonaji aliyeshona kofia thelathini anayo ruwaza mkononi. Siku fundi wa kuchora akikawia, huchora mwenyewe.

Wasukuma waliofika Mpimbwe nao wametoka katika nchi yenye kawaida ya namna hiyo, ingawa ya siri zaidi. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya Tanganyika, na ambaye makaratasi yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1953 kitabu juu ya picha za ukutani za chama cha mafundi wa nyoka. Chama hicho kilikuwa na wanafunzi wake, miiko yake, dawa zake na nyumba zake. Ndani ya nyumba hizo kuta zilichorwa nyoka, wanyama, wahenga na viumbe vya hadithi, kwa rangi za udongo na masizi, hasa nyeupe, nyekundu na nyeusi. Picha zilikuwa somo: mwanafunzi alifundishwa kwa kuzitazama, na yaliyochorwa yalikuwa ya chama, yakarudiwa kutoka nyumba hadi nyumba. Aliyepaka ukuta hakuulizwa leo una wazo gani jipya. Aliulizwa kama anakijua kisa. Mvua ikinyesha na ukuta ukibomoka, nyumba nyengine ilichorwa, na kwa njia hiyo mistari ikapita kwa mikono mingi bila ya karatasi hata moja. Cory aliwahi kuzinusuru baadhi kwa kuzinakilisha kitabuni. Zilizo nyingi zimerudi udongoni.

Mfano wa nne ni wa Dar es Salaam, na ndio unaosema wazi zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini kutoka Tunduru, alianza kuchora na kuuza picha mnamo 1968, baada ya kufanya vibarua vya kila aina. Alitumia vipande vya hadibodi vya mraba, kiasi cha sentimita 60 kwa 60, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwako na bei yake ilivumilika. Uwanja hupakwa kwanza rangi moja, mnyama huchorwa juu yake kwa mkondo mmoja usiositasita, ndani hujazwa, mwisho huja madoa, manyoya na macho. Picha zilipoanza kununuliwa na wageni wa Oysterbay, Tingatinga aliwaita jamaa na watu wa kwao, akiwemo Simon Mpata, January Linda na Kasper Tedo. Wakakaa karibu naye, wakatazama mkono wake ukipita, wakajaza, wakarudia. Ufundi wenyewe ulifundishwa kwa kujaza.

Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, akidhaniwa kuwa mwizi. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi. Kama Trowell na Njau wangekuwa sahihi moja kwa moja, sanaa hiyo ingekufa naye, kwa sababu wanafunzi wake hawakufundishwa isipokuwa kufuata. Haikufa. Mpata alihamia Nairobi na kujulikana mpaka Japani, hata hoteli moja ya Maasai Mara ikapewa jina lake. Waliobaki Dar es Salaam wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Ni kweli pia kwamba kando ya barabara za watalii, Unguja ikiwemo, zipo picha za twiga na pundamilia zilizorudiwa mpaka zimechoka, na mtetezi yeyote wa Tingatinga lazima ameze kidonge hicho. Sanaa hiyo hiyo iliwazaa Mpata na ikawazaa wachovu. Mwaka 2010 mkondo wa Tingatinga ukaingia katika katuni ya watoto, Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuoneshwa Uingereza, ikafuatwa na vitabu vya watoto vilivyochapwa huko. Mstari uliozaliwa kwa kibarua wa Tunduru ulikuwa umekwisha kuingia katika vyumba vya watoto wa London.

Sasa turudi Majimoto na karatasi yake. Ubao, kofia, nyumba ya nyoka na hadibodi ya Tingatinga vinashirikiana katika jambo moja ambalo karatasi ya kuchapa haina: aliyechora yupo. Mwenye kujaza humwona mwenye kuchora akichora. Anamwona akisita, akifuta, akikunja duru upya kwa sababu haikukaa sawa. Anamsikia akisema kwa nini shingo imepelekwa upande huu. Kwa hiyo mstari haumjii kama amri iliyoshuka mbinguni. Unamjia kama kitendo cha mtu mwenye mkono kama wake, na kitendo cha mtu huigika. Mlango wa kutoka kwenye kujaza kwenda kwenye kuchora uko wazi na umeonekana. Karatasi iliyotolewa kwa mashine haina mtu nyuma yake. Mtoto hawezi kuuliza ni nani aliyechora, na mwalimu naye hajui. Huo ndio udhaifu wake wa kweli, mkubwa kuliko ule ulioogopwa na Lowenfeld, na hakuna kalamu ya rangi inayoutibu.

Ziada ya hapo, mchoraji huyo asiyekuwepo ana nchi yake. Karatasi zinazopatikana kwa wingi katika intaneti ni za alfabeti ya Kiingereza, na alfabeti hiyo huanza kwa tufaha na kupita kwenye nyumba ya barafu. Mtoto wa bonde la Rukwa, ambaye kiangazi husikia viboko, na ambaye anajua kwa macho tofauti ya ng'ombe wa jirani mmoja na wa mwengine, hupewa tufaha. Atalipaka rangi gani? Atalipaka ile aliyoambiwa. Hapo ubunifu, uliokuwa umebaki katika rangi peke yake, nao huondoka, kwa maana anayeijua rangi ya kitu ndiye pekee awezaye kuibadilisha kwa makusudi. Mtoto huyo huyo, akiachiwa udongo wa mtoni, hufinyanga ng'ombe mwenye nundu na pembe za kuelekea mahali pake, bila ya kuelekezwa na mtu. Mkono anao. Kinachokosekana ni mstari wa kwao katika karatasi.

Watu wazima wamerejea kwenye karatasi hii kwa mlango mwengine. Mwaka 2013 mchoraji wa Scotland, Johanna Basford, alitoa kitabu cha bustani za mistari kilichokusudiwa wakubwa, na kufikia 2015 vitabu vya namna hiyo vilikuwa vikiuzwa kwa mamilioni Ulaya na Marekani. Wengi walicheka. Hata hivyo, mwaka 2005, kabla ya vumbi hilo kutimka, watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, walikuwa wameshachapisha jaribio dogo walilofanya kwa wanafunzi 84 wa chuo. Waliwatia wasiwasi kwanza, kisha wakawagawa: wengine wakatia rangi duara la mapambo, wengine kitambaa cha miraba kilichochorwa, wengine wakapewa karatasi tupu wafanye wapendavyo. Makundi mawili yenye mistari yalitulia. Wa karatasi tupu wasitulie kwa kadiri hiyo. Mshonaji wa kofia asingeshangazwa na habari hiyo, wala mwenye kusuka mkeka wa rangi, wala mtunzi wa utenzi aliyekesha na beti mia tatu. Mpaka uliowekwa huipumzisha nafsi. Tofauti ni kwamba mtu mzima huchagua kuingia ndani ya mpaka, akijua yuko nje pia. Mtoto aliyeanzia ndani hajui kama kuna nje mpaka aoneshwe.

Wapo waliolishughulikia jambo hili kwa vitendo, na wa karibu zaidi ni watu wa pwani. Skuli za maandalizi za Madrasa, zilizoanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kufika Zanzibar mwaka 1990, zilijengwa juu ya walimu wanawake wa mitaa hiyo hiyo, waliofundishwa kutengeneza zana kwa vitu vilivyopo: vifuu, magunzi, mabaki ya vitambaa, na picha walizochora wenyewe. Picha ya mwalimu huwa na makosa. Samaki wake ana jicho kubwa mno, dau lake limeinama. Lakini mtoto alikuwepo ulipochorwa mstari, na jicho likikosewa huthubutu kusema. Mwalimu wa bara naye amelelewa katika kawaida hiyo hiyo ya kuchora zana juu ya karatasi ya manila na mifuko ya saruji. Ni fotokopi iliyomfanya aone haya kwa mkono wake, kwa kuwa mstari wa mashine hautetemeki.

Mashine yenyewe haikuumbwa adui. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, umekuwa ukiweka katika intaneti hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuzichapa, kuzitafsiri na kuzibadilisha. Njia ile ile iletayo tufaha inaweza kuleta kiboko, mradi yuko mtu wa kumchora, na mradi mchoraji huyo amewahi kumwona kiboko akitoka majini Katavi, mgongo ukiwa na rangi ambayo kisanduku cha kalamu nane hakina.

Na liko jambo moja ambalo waliotengeneza mashine hawakulikusudia. Karatasi ya kwanza iliyochapwa ikipotea, au mtoto akiipaka rangi, mwenye duka hurudufu nakala ya nakala, na muhula ukifuatia hurudufu nakala ya hiyo tena. Kila mara mistari hupungua. Ncha ya sikio hukatika, mkia huachana na mwili, mduara wa jua hubaki nusu. Baada ya mizunguko kadhaa mnyama aliye katika karatasi hajulikani tena kama ni mbwa au ni ndama, na watoto huanza kwa kuumalizia mkondo kwa kalamu, kila mmoja kwa anavyodhani, kabla ya kutia rangi.